Aliye Juu na Anayengoja Chini: Maadili ya Mzaha Kuhusu Mitambo ya Anga Katika Thika na Ruiru

Mzaha ni miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi ambazo wahakiki wa Kiswahili wamezitaja mara nyingi na kuzichunguza mara chache. Vitabu vya fasihi aghalabu huupa utani aya mbili tatu baada ya methali na vitendawili, vikayataja makabila yanayotaniana, kisha vikasonga mbele. Makala haya yanakusudia kuuliza swali ambalo aya hizo haziliulizi: mzaha humfunga msemaji wake kwa nani? Swali hili ni la kimaadili kabla halijawa la kifani. Uwanja uliochaguliwa kulichunguzia ni mzaha kuhusu mitambo ya anga, yaani roketi, ndege za kivita na setilaiti za intaneti, kama unavyosikika katika miji ya Thika na Ruiru.

Uteuzi wa miji hii si wa kubahatisha. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi katika upana wake wa sasa mwezi Novemba 2012, imetunga vyuo na kambi katika uzi mmoja. Ruaraka pana makao makuu ya kikosi cha GSU. Kahawa pana Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoanzia katika kambi ambayo jeshi la Waingereza liliiacha. Ruiru pana chuo cha mafunzo ya askari magereza na, tangu Aprili 2021, kiwanda cha silaha ndogo ambacho uwezo wake ulitangazwa kuwa bunduki 12,000 kwa mwaka. Juja pana chuo kikuu cha kilimo na teknolojia. Thika pana kambi ya wahandisi wa jeshi pamoja na Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Ni nadra kupata mahali pengine nchini ambapo mwanafunzi wa uhandisi, askari aliye likizoni na mchuuzi wa mananasi hukaa kiti kimoja cha matatu.

Mazungumzo yao yamejaa anga. Dereva anayekata kona kwa fujo huitwa rubani. Setilaiti ya taifa, Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023 kwa roketi ya Marekani, hulinganishwa na kopo la maziwa. Ndege za kivita za nchi huitwa mitumba. Tajiri mwenye roketi hutajwa kwa jina lake la kwanza, kana kwamba alisoma Thika High. Msikilizaji mwenye haraka atauita huu upuuzi wa vijana. Upuuzi huo, hata hivyo, unahusu vyombo vinavyoua na vyombo vinavyowaunganisha watu, na mara nyingine chombo ni kimoja.

Utani kama kipimo

Kiswahili kina maneno mengi ya uwanja huu: utani, mzaha, masihara, dhihaka, stihizai, kejeli. Kamusi huyaeleza kwa kupokezana, neno moja likitumiwa kulifafanua jingine, lakini wazawa wa lugha hawayachanganyi. Mtu aliyetukanwa na adui hasemi kwamba ametaniwa. Utani unahitaji uhusiano uliokuwapo kabla ya neno la kuchekesha kutamkwa, na uhusiano huo ndio unaolipa neno lenyewe kibali.

Wanaanthropolojia, tangu Radcliffe-Brown alipouandikia utani mwaka 1940, wameukazia macho uhuru wa mtani: ruhusa yake ya kusema na hata kuchukua bila kukasirikiwa. Wamesisitiza kidogo zaidi upande wa pili, ambao ndio wenye uzito wa kimaadili. Baina ya Wanyamwezi na Wazaramo, ambao utani wao huhusishwa na misafara iliyokuwa ikishuka kutoka bara kwenda pwani, anayetania leo atataniwa kesho, na siku ya msiba mtani hana budi kufika. Atamwigiza marehemu, atawachekesha wafiwa, huenda akazuia mazishi mpaka apewe chochote. Lakini atafika, na atashika kazi. Kejeli yake inavumilika kwa sababu kila mmoja anajua kwamba mdomo unaomcheka hai utakuwapo atakapozikwa.

Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba kicheko huhitaji moyo utiwe ganzi kwa muda. Dai hilo ni sahihi, ila linaacha swali la muda huo ni wa kiasi gani na ni nani anayeukatiza. Katika utani, jamii imekwisha kulijibu: ganzi hukoma makaburini, japo kicheko chenyewe kinaweza kuendelea. Basi mzaha wowote unaweza kupimwa kwa maswali mawili yaliyotolewa humo. Je, anayechekwa anaweza kujibu? Je, anayecheka atafika msibani?

Aliye juu mngoje chini

Kisa kilichozaa mzaha mwingi kuhusu anga katika miaka ya karibuni hakikutokea Kiambu bali Ukambani, ingawa kililiwa kwa utamu Thika kama kwingineko. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa uchunguzi wa awali ulionyesha ni sehemu ya roketi, pete ambayo hutenganisha vipande vya chombo kinapopaa. Hakuna aliyeuawa.

Wakenya walicheka, na walikuwa na haki. Methali isemayo aliye juu mngoje chini hutumiwa kumpa subira mnyonge: mwenye cheo ataporomoka, nawe utakuwapo umwone. Mukuku methali hiyo ilivuliwa sitiari ikabaki maneno matupu, na katika utupu huo upungufu wake ukaonekana. Haimwambii anayengoja asimame wapi. Hekima iliyotungwa kwa ajili ya masultani na machifu haikufikiria kwamba aliye juu anaweza kushuka katika shamba la mtu asiyemjua, akiwa na uzito wa nusu tani.

Wiki zisizotimia tatu baadaye, tarehe 16 Januari 2025, roketi kubwa aina ya Starship ilisambaratika ikiwa juu ya Bahari ya Karibi. Ndege za abiria zilibadilishiwa njia, na vipande vikaanguka katika visiwa vya Turks na Caicos. Mwenye roketi, Elon Musk, alitoa picha za vipande hivyo vikiwaka angani na kusema kwa mzaha kwamba mafanikio hayana hakika lakini burudani ni ya uhakika. Wahandisi wa fani hiyo nao wana msemo wao wa zamani wa kuuita mlipuko wa namna hii mtengano wa ghafla usiopangwa. Ni msemo mzuri, na kwa upande wa fani hauna tofauti kubwa na tasfida za Kiswahili zinazoita kifo safari.

Vichekesho hivi viwili vinahusu jambo moja, chuma kinachoanguka kutoka mbinguni, na mhakiki anayetazama fani peke yake angeviweka katika fungu moja. Cha Mukuku kinasema: kimetukosa. Cha mwenye roketi kinasema: tazameni. Wa kwanza anacheka kwa sababu yu hai. Wa pili anawaalika wengine wawe hadhira ya hasara ambayo sehemu yake wanaibeba wao. Mwanakijiji hawezi kumjibu mwenye roketi, wala mwenye roketi hatafika kwenye matanga ya kijijini. Kwa kipimo cha utani, mzaha wa aliye juu umepungukiwa kwa pande zote mbili hata kama msemaji wake ni mcheshi kweli.

Mbingu iliyojaa

Afrika ya Mashariki na jirani zake wana historia ndefu ya kuchekwa kuhusu anga. Mwaka 1964 mpigania uhuru wa Zambia, Edward Makuka Nkoloso, alitangaza kwamba taifa lake changa lingefika mwezini kabla ya Wamarekani. Magazeti ya Magharibi yalimfanya kichekesho. Ni baadaye sana ambapo mwandishi Namwali Serpell, mwaka 2017, alilirudia suala hilo na kuonyesha uwezekano kwamba Nkoloso ndiye aliyekuwa akiwacheka. Kama ndivyo, waandishi wa habari waliosafiri kumtazama walikuwa wamefika kwenye ngonjera bila kujua kwamba wamepewa sehemu ya kuigiza.

Kenya yenyewe iliingia katika historia ya anga kwa kinaya ambacho hakuna mtunzi angethubutu kukibuni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kwa roketi ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengwa mahsusi kwa uchunguzi wa miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota, na wanaastronomia wanaliheshimu jina hilo mpaka leo. Wenye neno walikuwa wamewapa wengine neno lao, wakabaki pwani wakitazama moshi.

Miaka 6 baadaye, katika Azimio la Bogotá la Desemba 1976, Kenya ilijiunga na nchi nyingine 7 za ikweta, zikiwemo Uganda na Zaire, kudai kwamba ukanda wa anga ulio kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta ni maliasili ya mataifa yaliyo chini yake. Katika ukanda huo setilaiti huonekana kama imesimama mahali pamoja, kwa hiyo ni mahali penye thamani kubwa. Mataifa makubwa hayakulikubali dai hilo, na waliosikia kwamba Kenya inadai kumiliki mbingu walikuwa na la kuchekea.

Mwezi Julai 2023 huduma ya intaneti ya Starlink ilianza nchini Kenya, ikitumia setilaiti nyingi zinazopita chini kabisa, kiasi cha kilomita 550 tu kutoka ardhini. Wanafunzi wa Juja na Ruiru waliokuwa wakigawana kifurushi cha simu waliipokea kama ukombozi, na walijua kucheka gharama za awali. Kisha, Novemba 2024, kampuni ilisimamisha wateja wapya wa nyumbani katika Nairobi na kaunti za jirani, Kiambu ikiwemo, kwa maelezo kwamba nafasi imejaa. Usajili ulirejeshwa mwaka 2025. Habari hiyo ilijileta yenyewe kwa wenye mdomo. Mbingu ya Kiambu imejaa! Kaunti ambayo viwanja vyake vimegawanywa na madalali hadi kufikia vipande vya futi 50 kwa 100, sasa hata hewa yake imekwisha kuuzwa.

Huu ni mzaha wenye akili, na unagusa ukweli ambao dai la 1976 liliugusa kwa lugha ya wanasheria: kwamba mbingu ina mipaka, inagawiwa, na mgawaji si yule anayekaa chini yake. Dai hilo lilipotolewa kwa uzito lilichekwa. Liliporudi kama mzaha lilieleweka na kila abiria. Haifuati kwamba mzaha ulifanya kazi ambayo azimio lilishindwa kuifanya. Achille Mbembe, katika makala yake maarufu ya mwaka 1992 kuhusu tawala za baada ya ukoloni, alipingana na wafuasi wa Bakhtin wanaodhani kila kicheko cha mtawaliwa ni uasi. Kwa maoni yake, kicheko hicho aghalabu humweka mtawaliwa meza moja na mtawala, wakala pamoja, na kila mmoja akaondoka alivyokuja. Hoja hii ni nzito kuliko ambavyo wahakiki wengi wa fasihi pendwa wamekuwa tayari kukiri.

Mfano wake wa karibu haukutoka mitaani. Mnamo Julai 2024 kampuni ya Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikipendekeza kwamba watoaji wa intaneti ya setilaiti walazimishwe kushirikiana na kampuni za humu nchini. Miezi miwili baadaye, Rais William Ruto akiwa Marekani aliwachekesha wasikilizaji kwa kusema kwamba mkuu wa Safaricom hafurahishwi sana naye kwa kumleta Musk nchini. Huo ulikuwa utani halisi: waliotajwa wanafahamiana, wanaweza kujibizana na, bila shaka, watahudhuriana misiba. Aliyekosekana katika duara hilo ni mteja wa Ruiru. Alicheka pamoja nao, lakini alicheka kama mtu anayesikia kicheko cha jirani kupitia ukutani.

Tena setilaiti hizo ni zilezile. Mfumo unaomletea mwanafunzi wa Thika mhadhara ndio ambao tangu 2022 umetumika katika vita vya Ukraine, kwa mawasiliano ya hospitali na pia kwa kuongoza ndege zisizo na rubani. Kutokana na hali hiyo, mzaha wa intaneti hauwezi kutengwa na mzaha wa silaha kwa urahisi ambao watani wangependa.

Ndege za Thika

Wengi wanaotania kuhusu ndege za kivita mjini Thika hawajui kwamba mji huo uliwahi kuwa na zake. Mwezi Machi 1953, katika Hali ya Hatari, kikosi namba 1340 cha Jeshi la Anga la Uingereza kiliundwa upya Thika kikiwa na ndege aina ya Harvard. Harvard ilikuwa ndege ya kufunzia marubani. Ilifungwa mabomu madogo ya ratili 20 na kupelekwa kupiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambako wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wamejificha. Baadaye kikosi kilihamia Mweiga. Kuanzia mwishoni mwa 1953 zilifuata Lincoln kutoka Eastleigh, ndege kubwa zenye mabomu mazito. Nyingine zilifungwa vipaza sauti, zikawa zikizunguka juu ya miti na kuwahimiza waliomo wajisalimishe. Ni mojawapo ya nyakati chache katika historia ya nchi ambapo mtambo wa angani ulisema na walio chini kwa maneno, na waliosemeshwa hawakuwa na njia ya kujibu.

Anga ya Thika, basi, si ukurasa mtupu. Ndege iliyopaa pale ilikwenda kuwapiga wana wa watu wa papo hapo, ndugu za waliobaki vijijini na mashambani. Katika mwaka ule haikuwezekana kwa mtu wa Thika kuitazama Harvard ikiondoka na kutojua inakokwenda. Ujuzi huo ndio uliotoweka katika mzaha wa sasa.

Mzaha wa mitumba unalidhihirisha hili kuliko mwingine wowote. Kenya ilianza kutumia ndege za F-5 mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwishoni mwa miaka ya 2000 ilinunua nyingine zilizokwisha kutumiwa na Jordan. Umma ulipiga kelele, kwa haki, kuhusu fedha zilizolipwa na hali ya vyombo vyenyewe. Kutokana na kelele hizo ukazaliwa mzaha kwamba ndege za nchi ni za kusukumwa kama matatu iliyokwama Githurai. Kwa sura ya nje ni tashtiti dhidi ya ufisadi, na hivyo ndivyo wahakiki wangependa kuusoma. Lakini kila kejeli ina matakwa yake yaliyofichika. Anayekicheka kisu kwa butu lake anakitakia makali. Mzaha unaoidharau ndege ya kivita kwa uzee unadai, bila kutamka, ndege inayoua vizuri zaidi, wala haujiulizi itamuua nani.

Swali hilo lilipata jibu. Mwezi Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, na tarehe 30 mwezi huo ndege zilishambulia Jilib. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilisema watu 5 waliuawa na 45 kujeruhiwa katika kambi ya waliohama makwao, wengi wa majeruhi wakiwa watoto. Jeshi la Kenya lilisema lilikuwa limewalenga wapiganaji wa al-Shabaab na likawalaumu hao kwa maafa ya raia. Makala haya hayawezi kuamua baina ya maelezo hayo mawili. Linaloweza kusemwa ni kwamba mitumba ilifanya kazi, na kwamba mzaha haukuwa na neno lolote la kusema juu ya hilo, kwa kuwa ulikuwa umejengwa juu ya dhana kwamba haifanyi kazi. Abiria wa Ruiru, ambaye katika mzaha wa pete ya Mukuku alikuwa chini akitazama juu, alikuwa amekwisha kuhamia juu bila kuhisi kiti kikibadilika.

Ni kweli kwamba mzaha wa mitumba uliwahi kufika msibani. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ya kijeshi ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, na kuwaua watu 10 kati ya 12 waliokuwamo, akiwemo Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, ambaye alizikwa Siaya siku 3 baadaye bila jeneza, kama alivyokuwa ameagiza. Mazungumzo ya umri wa ndege za jeshi yalibadilika sauti katika juma hilo. Waliokuwa wakicheka walikuwa wakiomboleza, na baadhi walifanya yote mawili kama watani wafanyavyo. Wanajeshi wenyewe ndio wenye haki kamili ya mzaha huu, kwa kuwa wanaoutamka ndio wanaopanda. Jambo la kutia shaka ni kwamba matanga ya Siaya yalikuwa na mtani na ya Jilib hayakuwa naye.

Wale na sisi

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kulitembelea eneo hili. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha kurushwa angani. Anajifunza kukiongoza chombo kilichokusudiwa kumwangamiza, akafika katika nchi ambayo jina lake, likikatwa vipande, linasomeka "wale ni sisi". Uhakiki wa riwaya hiyo umeshughulikia zaidi maono yake ya jamii yenye usawa, na umekipita chombo cha angani kama daraja tu la kuvukia kwenye maudhui. Pengine chombo hicho ndicho maudhui. Dzombo hawi rubani kwa kuacha kuwa mhukumiwa. Anayatazama mambo kutoka juu akiwa na kumbukumbu kamili ya aliyekuwa akitazamwa.

Litazuka pingamizi kwamba kipimo cha utani kinadai mno. Nani atakayehudhuria misiba yote ya ulimwengu? Je, mtu aliyetoka zamu ya usiku kiwandani Thika hana ruhusa ya kucheka roketi bila kwanza kufanya hesabu ya nani yuko chini yake? Pingamizi hili lina nguvu, na anayelipuuza atauishia mzaha wenyewe kwa kuuua. Hofu isiyochekwa huwa mzigo, na watu wa Barabara ya Thika wana hofu za kutosha. Lakini utani haukumdai mtani ahesabu kwanza. Ulimdai tu asisahau, msiba unapotokea, kwamba alikuwa amecheka. Mnyamwezi hakuwazika Wazaramo wote. Aliwazika wale aliokuwa na neno juu yao.

Kadhalika itasemwa kwamba Msomali wa Jilib si mtani wa Mkikuyu wa Ruiru, na kwamba hakuna misafara iliyowafunga. Kauli hii haistahimili uchunguzi. Barabara ya Thika inapita Garissa kabla ya kufika mpakani. Biashara ya Eastleigh inalisha maduka ya Ruiru. Na kutoka kiwanja cha Eastleigh zilipaa Lincoln za 1953. Misafara ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuitambua kuwa misafara.

Kuna kisa kimoja cha ndege za F-5 ambacho watani hukisimulia mara chache, labda kwa sababu kwa miaka mingi kukisimulia kulikuwa hatari. Tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya askari wa Jeshi la Wanahewa walipojaribu kuipindua serikali, marubani wa kambi ya Nanyuki, mji uliokaa juu ya ikweta, walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki waende wakaipige Ikulu na makao ya GSU pale Ruaraka. Wananchi waliojitokeza Nairobi kushangilia, wanafunzi wa chuo kikuu wakiwamo, walilipa baadaye kwa vifungo, na chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka. Marubani, kwa masimulizi yaliyotolewa baadaye, waliafikiana kuzirusha ndege kwa mizunguko mikali hadi mlinzi aliyekuwa amewaelekezea silaha akalegea. Sababu zao zilikuwa nyingi bila shaka, utiifu na woga zikiwa miongoni mwake. Mabomu hawakurudi nayo. Waliyaangusha katika msitu wa Mlima Kenya, ule ule uliokuwa umepigwa na ndege za Waingereza miaka 29 kabla, na Barabara ya Thika ikaamka asubuhi hiyo bila kujua ilichoponea.